Miwani ya Neti ya Omena

Nakumbuka Jumapili moja kule Sori, kando ya ziwa, mwanangu, siku ambayo redio ilikuwa imelitangaza jua kwa wiki nzima kama mgeni wa serikali. Jua litapatwa jioni, walisema. Mwezi utapita mbele yake na kulimega mpaka kibaki kipande. Kila tangazo lilimalizika kwa maneno yale yale: msiliangalie kwa macho matupu. Niliyasikia maneno hayo mara nyingi hata yakaacha kuwa onyo, yakawa kelele tu ya redio wakati mtu anasonga ugali.

Nilikuwa sijafika arobaini. Wewe utasema huo si ujana, lakini katika boma la mama mkwe wangu mtu hakuwa mtu mzima mpaka yeye aseme, na mimi alikuwa hajaniambia. Jina lake lilikuwa Persila. Watoto wote, wa nyumbani na wa majirani, walimwita Dani, yaani nyanya, nasi wakubwa tukafuata. Mimi aliniita Nyar Kendu, kwa sababu nilitoka Kendu Bay, na kwetu Waluo mke huitwa binti wa alikotoka hata akae kwa mumewe mpaka ang'oke meno. Mume wangu alikuwa kisiwani Takawiri na boti, anarudi mwisho wa mwezi akijisikia kurudi. Kwa hiyo bomani tulikuwa watatu: Dani, mimi, na binti yangu Awino, aliyekuwa na miaka kumi na minne. Habari hizi ni za macho ya Awino. Nakuomba usiniharakishe, maana bado kuna mahali nikifika huwa napumzika kidogo.

Kazi yangu ilikuwa kushona nyavu. Sijisifu. Au ngoja, wacha nijisifu kidogo ili uelewe kosa langu lilitoka wapi. Ufuoni Sori kulikuwa na mafundi wengine wa nyavu, lakini boti ikirudi na neti imeraruliwa, mwenyewe alinitafuta mimi kwanza. Neti ya omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, ni nyeusi, na matundu yake ni madogo hata punje ya hindi inakwama. Mimi nilikuwa naliona tundu lililolegea kwa kupapasa tu, huku nazungumza na watu. Nilisifiwa sana, na kichwa kikavimba. Nikaanza kuamini kwamba hakuna kitu duniani ambacho neti haiwezi kukizuia, mradi ishonwe na mimi.

Asubuhi ya Jumapili ile nilikuwa na kipande cha neti kuukuu mapajani. Nilikikunja mara mbili, nikakiinua kuelekea jua. Mwanga ukapungua kidogo. Nikakikunja tena, na tena, mpaka zikawa tabaka kumi na sita. Safari hii jua likatulia, likawa duara dogo la rangi ya chai, na jicho halikutoa hata chozi. Nikafurahi peke yangu pale kibarazani. Nilitafuta waya, nikaupinda ukawa duara la kutosha uso wa mtu, nikaishona ile neti kwenye waya kwa mshono wangu mzuri kabisa. Ukiuona ungedhani nauandaa kwa maonyesho ya kilimo.

Dani akapita na bakuli la mtama wa kuku, akasimama.

"Nyar Kendu, hiyo kitu unashona ni ya nini?"

"Ni ya kuangalia jua, Mama. Ile ya leo jioni."

"Kwani redio haikusema watu wasiangalie?"

"Ilisema tusiangalie na macho matupu. Hii si macho matupu. Hii ni neti mara kumi na sita."

Alikitazama kile kitu changu, akanitazama mimi. "Neti ni ya samaki," akasema, akaenda kulisha kuku wake.

Hapo ningeuliza swali moja tu, mwanangu, na habari hizi zisingekuwepo. Ningemuuliza kama yeye aliwahi kuona jua likipatwa. Sikuuliza. Nilidhani mama mkwe ananionea wivu wa ufundi, fikiria upuuzi huo. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba aliwahi kuliona akiwa mke kijana, na kwamba mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuwa amewafundisha akina mama wa kijiji namna ya kuliona bila kulitazama. Lakini Dani hakuwa mtu wa kukufuata nyuma na maneno. Alisema mara moja, ukikataa anakuacha.

Sisi ni Wasabato, siku yetu ya kupumzika ni Jumamosi, kwa hiyo Jumapili ile tulikuwa kazini kama kawaida. Ufuoni omena ilikuwa imeanikwa tangu asubuhi. Ilipofika saa kumi na moja jioni mwanga ukaanza kubadilika. Haukuwa mwanga wa jioni niliouzoea, wala wa mawingu. Ulikuwa mwembamba, umepauka, na kivuli cha kila kitu kikawa na ukingo mkali. Upepo kutoka ziwani ukaja wa baridi. Yangeyange wakaacha mizoga ya samaki, wakaruka kwenda kulala kabla ya wakati wao. Baadhi ya wanawake wakaanza kukusanya omena haraka haraka wakidhani mvua inakuja.

Dani alikuwa na mpango wake. Tulikuwa na banda la mabati karibu na ufuo, tulilowekea nyavu, na ukuta wake wa upande wa ziwani ulikuwa umezeeka, umejaa matundu ya misumari. Aliingia na kigoda chake, akafunga mlango, akakaa akiwa amelipa ziwa mgongo, akautazama ukuta wa pili. Halafu akaita.

"Awino! Kuja huku uone jua ya mwalimu."

Awino akakimbia akaingia, nami nikasikia akipiga kelele za furaha. Nilichungulia mlangoni. Kila tundu la msumari lilikuwa limerusha jua lake dogo kwenye ukuta wa mbele, na kila jua lilikuwa limemegwa upande ule ule, limejipinda kama ndizi changa. Yalikuwa mengi, labda hamsini, yanatetemeka kidogo upepo ukigonga mabati. Dani alikaa katikati yake na mikono mapajani, ametulia kabisa. Mtoto mchanga angeweza kuwekwa pale akatazama mpaka mwisho bila kudhurika.

Nilisema moyoni, ni vitu vizuri, lakini ni vya watoto. Nikarudi nje na neti yangu.

Niliangalia mimi kwanza. Kupitia neti nililiona jua lenyewe, limeliwa, limebaki kipande chembamba juu ya ziwa. Jicho halikuuma hata kidogo. Nililitazama muda wa kumenya kitunguu hivi, kisha nikakumbuka omena yangu, nikaanza kukusanya. Wanawake wawili watatu wakaomba kuchungulia, wakachungulia, wakarudi mbio kwenye omena yao. Haraka ile ndiyo iliyowaokoa.

Awino akatoka bandani.

"Mama, kwa Dani ziko mingi lakini ni ndogo ndogo. Mimi nataka kuona ile yenyewe."

Nami nikampa. Kwa mkono huu, mwanangu, huu wa kulia. Nikamwambia, "Shika vizuri, usitoe kwa uso mpaka nikwambie," kana kwamba mimi ndiye daktari. Nikainama kwenye omena. Kila nilipoinua kichwa nilimwona amesimama pale pale, neti usoni, kinywa wazi, na nikaona fahari. Dani alimwita tena kutoka bandani. Awino akajibu, "Naona vizuri hapa, Dani!" Nami sikumwambia aende. Alilitazama jua lile kwa jicho la kulia, maana ndilo alilokuwa akilitumia zaidi, huku la kushoto amelifumba, mpaka likaanza kujaa tena na kuzama.

Jioni ile hakuna aliyeumwa. Tulikula, tukacheka, Awino akamsimulia Dani alivyoona. Ndiyo maana nasema ubaya wa jambo hili ni ukimya wake. Moto wa jiko ukikuchoma unaruka. Huu ulikuwa umeshachoma, nasi tunakula samaki.

Jumatatu asubuhi Awino alikaa mbele ya kikombe chake cha chai, akawa anakigeuza geuza. Kisha akaniangalia, akafumba jicho la kushoto, akalifumbua, akalifumba tena.

"Mama," akasema polepole, "nikikuangalia, hauna pua."

Nikacheka. Nikadhani ni utani wa watoto. Halafu akanyoosha mkono, akanipapasa pua.

"Kuna kitu imekaa katikati. Nikihamisha jicho, na yenyewe inahama."

Mkono uliompa ile neti nikauficha chini ya leso. Mbaya zaidi, hata mimi nilikuwa nimeamka na kivuli kidogo katika jicho langu la kulia, nikajiambia ni usingizi. Sasa nikajua si usingizi. Nilimwosha mtoto uso kwa maji baridi. Nikamwambia alale kidogo. Nikamwambia asimwambie Dani. Naona haya kukueleza hilo, lakini nisipokueleza nitakuwa nimekudanganya.

Jirani mmoja aliyepita kuomba moto akaona hali ilivyo, akaenda, akarudi na chupa ndogo ya maji ya majani aliyosema yamewaponya wengi. Alikuwa mwanamke mwema, hakuwa na nia mbaya. Mimi, kwa kuchanganyikiwa, nikamlaza Awino kichwa mapajani, nikamfungua jicho kwa vidole. Tone lilikuwa linakaribia kudondoka mkono mkavu wa mzee ulipoikamata ile chupa.

"Hakuna mtu ataweka kitu kwa hiyo jicho," Dani akasema.

Alikuwa amesimama nyuma yetu, sijui tangu lini. Nikangoja aanze. Nilijua nastahili, na kusema kweli nilitamani aanze, aniseme mpaka nilie, nipumue. Alinitazama tu, akainama akamfuta Awino shavu, kisha akasema, "Mchukue leso yenu. Mnaenda Homa Bay saa hii. Na hiyo kitu yako ya neti ubebe, daktari aione."

Tulifika kliniki ya macho mchana. Daktari wa macho alikuwa kijana mpole mwenye sauti ya chini. Alimsimamisha Awino mbele ya ubao wa herufi. Kwa jicho la kushoto alisoma karibu zote. Kwa la kulia alisoma mistari ya juu, zile herufi kubwa, kisha akaanza kuzunguka na kichwa kama kuku anayetafuta punje, akijaribu kuziona herufi kwa pembeni. Daktari akammulika jicho kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nahesabu vigae vya sakafu, sikuweza kumwangalia yeyote.

Akaniomba ile neti. Akaiinua kuelekea dirishani, akanipa.

"Mama, angalia hapa. Unaona mwanga inapita?"

"Inapita kidogo tu, daktari."

"Hiyo kidogo ndiyo shida. Jua ikiwa kali, jicho inajifunga yenyewe, machozi inatoka, unageuza uso. Hiyo ndiyo kinga yako. Hii neti imeondoa huo ukali, sasa jicho ikafunguka, ikaona ni salama. Lakini moto ya jua bado inapita kwa haya matundu, inaenda mpaka nyuma kabisa, pale picha inashikwa. Na huko nyuma hakuna uchungu. Inachomeka na mtu hasikii."

Nikauliza swali langu pekee. "Ataona tena?"

Hakukimbilia kujibu, na kwa hilo nilimheshimu. "Wengi wanapona. Wengine wanabaki na doa. Dawa sina, na mtu akikuuzia dawa anakudanganya. Inataka muda. Wiki kadhaa, labda miezi. Usiweke tone la kitu chochote, na asiangalie jua tena hata kidogo. Mrudi baada ya wiki sita." Kisha akanigeukia. "Na wewe, mama? Uliangalia?"

Nilitaka kukataa. Awino akasema, "Aliangalia." Basi nami nikasimama mbele ya ubao.

Wiki zilizofuata nilizivuta kama neti nzito. Uani tulikuwa na kamba ndefu kutoka nguzo hadi nguzo, ya kuning'inizia neti nikiwa naitengeneza, na kwenye kamba hiyo kulikuwa na neti moja yenye maboya kumi na mawili, yale ya plastiki yanayoishikilia neti juu ya maji. Awino mwenyewe ndiye aliyebuni kipimo chake. Kila asubuhi, jua likiwa bado nyuma ya nyumba, alisimama mlangoni, akafunika jicho la kushoto kwa kiganja, akakaza la kulia katikati ya kamba na kuhesabu bila kulihamisha. Siku za kwanza alisema, "Tatu hazionekani." Baada ya siku kumi hivi akasema mbili. Akakaa kwenye mbili muda mrefu, mpaka nikaanza kuogopa asubuhi.

Nilifanya kazi zake zote. Alipochambua omena aliacha vijiwe ndani, na mimi nilivitoa kimyakimya akienda kuchota maji. Nilijua anajua. Usoni alikuwa mchangamfu kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa mchangamfu kwa ajili yake, na wote wawili tulikuwa tunachoshana. Wakati wote huo Dani hakunilaumu. Alinisalimu asubuhi, alinipa chakula, aliomba kwa jina la Awino na kwa jina langu katika sala ile ile. Ukimya wake ulinila kuliko matusi. Nikajiambia, mama huyu amenifuta moyoni.

Kisha Awino akasema, "Moja tu, Mama." Wiki ikapita ikiwa moja. Nyingine ikaanza, bado moja. Nikaanza kujifundisha kuikubali ile moja. Nikajiambia kuna watu wanaishi na mabaya zaidi, boya moja kati ya kumi na mawili si kitu. Nilijidanganya hivyo mchana, lakini nikimwona anainamisha kichwa pembeni ili asome jina la mtu kwenye daftari, nilirudi kule kule.

Asubuhi moja, mwezi na siku kadhaa baada ya ile Jumapili, Awino akasimama mlangoni kama kawaida. Mimi nilikuwa napepeta mtama. Dani alikuwa kwenye kigoda chake, anamenya njugu. Awino akafunika jicho la kushoto.

"Kumi na moja," akasema.

Moyo ukashuka. Nilikuwa nimejizoesha, lakini ukashuka. Nikaendelea kupepeta nisionekane.

"Lakini Mama," Awino akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeudhika, "nani ametoa boya ya huko mwisho? Naona tu fundo. Amekata vibaya, uzi unaning'inia."

Ungo ukasimama mkononi mwangu. Fundo la uzi wa neti, mwanangu, ni dogo kama kichwa cha kiberiti, na pale mlangoni hadi kwenye nguzo ni hatua nyingi. Nikamwambia, "Angalia tena. Angalia fundo lenyewe, usiangalie pembeni." Akaliangalia. "Naliangalia, Mama. Liko pale. Halipotei." Mimi mwenyewe niligeuka nikaliangalia kwa jicho langu la kulia, na halikuwepo. Lilimezwa na doa langu. Kwake lilikuwepo.

Dani akafungua pindo la leso yake, akatoa boya, akaliweka juu ya njugu.

"Mtoto alikuwa anaweza kukariri namba ili mama yake asilie," akasema. "Jana usiku nikasema wacha niibadilishe." Kisha akafumba macho, akaomba kwa Kijaluo, sala fupi niliyosikia ndani yake jina la Nyasaye, yaani Mungu, na neno la shukrani mara tatu, kisha akafumbua macho akanigeukia mimi.

"Sasa wewe. Nyar Kendu. Kuja hapa."

Mwanangu, nilisemwa. Nilisemwa kuanzia pale njugu zikiwa nusu bakuli mpaka zikaisha, na zilipoisha akaanza kuzichambua upya ili apate nafasi. Aliniuliza ni nani aliyenipa cheo cha kulizuia jua. Aliniuliza kama katika kumbukumbu za wanawake wa Sori kuna mwingine aliyewahi kuvua jua kwa neti ya omena. Alisema Mungu aliweka kope zifunge zenyewe na machozi yatoke yenyewe, akaja fundi wa nyavu na waya wake akatengeneza kitu cha kuzidanganya kope. Alisema nilimpita yeye bandani, mtu mzima aliyewahi kuliona, nikamwona mjinga kwa sababu alikuwa ametazama ukuta. Alisema nilimficha ugonjwa wa mtoto asubuhi nzima kwa kuogopa maneno ya mzee, na hapo sauti ikampasuka kidogo, na hapo ndipo nilipoinamisha kichwa kabisa.

Lakini nikwambie ajabu yake: kila neno lilivyonipata ndivyo kifua kilivyofunguka. Nililia, nikacheka, Awino akatucheka sisi wote wawili. Nikamuuliza, "Mama, mbona hukuniambia haya ile siku? Nimekaa wiki zote nikidhani umenichukia."

"Ile siku ungelia juu yako mwenyewe," akasema, "na mtoto angebaki bila mtu. Nilikuwa nayo yote hapa. Nimekaa nayo nikingoja apone. Imenichosha."

Tulirudi kliniki tarehe tuliyopewa. Awino akausoma ubao hadi mstari wa herufi ambazo mimi siwezi kuziona hata nikiwa nimezibeba. Yule kijana alitabasamu, na nikagundua kwamba hata yeye alikuwa na wasiwasi. Mimi nilibaki na doa langu. Lipo hata sasa hivi nikikutazama: nikiliacha la kulia peke yake, unapoteza kidevu. Kushona nashona, kwa sababu la kushoto linafanya kazi ya mawili, na vidole vina kumbukumbu yao. Nilipoambiwa kwamba langu huenda lisifutike, nilitoka pale nikamshukuru Mungu kwa sauti, watu wakanishangaa. Kama doa lilikuwa lazima likae kwa mmoja wetu, lilichagua vizuri. Awino sasa ana watoto wake, yuko Migori anashona nguo, na akija nyumbani anaona uzi mweupe kwenye leso nyeupe. Ananisumbua sana.

Basi sikiliza, maana nasikia redio inaanza tena habari za jua kupatwa, na nimewaona mnavyotafuta vioo na filamu za hospitali. Usilitazame jua kupitia kitu ulichobuni. Si neti, si kioo ulichokipaka moshi, si filamu ya picha ya mfupa, si miwani ya jua ya kujipamba, wala usilitazame ndani ya beseni la maji au ndani ya ziwa, maana jua lililo majini ni lile lile. Usidanganyike na jua la jioni lililopoa, wala na jua lililobaki kipande. Na jambo kubwa nililolilipia ni hili: jua likiacha kukuumiza jicho, hilo si dhamana kwamba limeacha kulidhuru. Kope zako zikikataa, zisikilize.

Kama unataka kuliona lenyewe, tafuta mapema ile miwani maalumu ya kupatwa kwa jua, uulize kwa mwalimu au kwa watu wa macho kama ni ya kweli, na ikiwa imekwaruzwa au imetoboka, itupe. Uivae kabla hujainua uso, na uivue baada ya kugeuka. Usiweke simu wala darubini mbele ya miwani hiyo, maana si ya kazi hiyo. Watoto usiwape na kuondoka kama nilivyofanya mimi. Simama nao, mkono begani. Na ukiikosa miwani, usijione umekosa sherehe. Toboa tundu moja kwenye boksi, lipe jua mgongo, uliache lipite juu ya bega lako liangukie karatasi au ukuta. Utaliona likimegwa na likijaa tena, na kesho asubuhi utamwona mama yako na pua yake. Ikitokea umekosea, usifiche hata saa moja na usiweke tone la kitu. Nenda ukamuone daktari wa macho.

Sasa inama nikuwekee mkono kichwani. Mungu akulindie macho yako yote mawili, la kulia na la kushoto. Akujalie uzione sura za watakaokuzika, nao wawe wazee wenye mvi. Akupe ufundi wa mikono, na akuepushe na kiburi chake. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akupe mtu atakayekushika mkono kwanza, akangoja mpaka hatari ipite, ndipo akugombeze vizuri.